Elimu bila ada: Nani mwenye haki ya kujivunia?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA ifikapo Januari, mitaa ya Kongo, Msimbazi na Uhuru katika eneo la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hufurika wazazi wanaoshika watoto mikono. Wananunua sare, viatu vyeusi, soksi, mikoba na madaftari. Wenye uwezo huingia madukani, na wasio na uwezo huo hupatana bei na wamachinga waliopanga bidhaa pembeni ya barabara. Mafundi cherehani wa maeneo hayo hawalali wiki hiyo.

Mtoto anayenunuliwa vitu hivyo, iwapo anakwenda shule ya umma, halipiwi ada. Jambo hilo vyama vya siasa vimelizungumza kwa zaidi ya miaka 10, kila kimoja kikitaka kitambuliwe kuwa ndicho kilichomfutia mzazi mzigo huo. Chama Cha Mapinduzi (CCM) husema ni matunda ya Ilani yake ya Uchaguzi ya mwaka 2015 na uamuzi wa Serikali ya Awamu ya Tano. Chama cha Demokrasia na Maendeleo (CHADEMA) hujibu kwamba sera hiyo ni yake, iliibwa, na kwamba waliokuja kuitekeleza ndio waliohoji mwaka 2010 fedha zingetoka wapi.

Ubishi huo hauko mbali na Kariakoo. Ofisi Ndogo ya Makao Makuu ya CCM ipo Mtaa wa Lumumba, mahali ambapo TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka sokoni. Upande wa pili, viwanja vya Jangwani vimepokea mikutano mikubwa ya vyama vyote. Agosti 23, 2015 CCM ilizindulia hapo kampeni za Dk. John Magufuli. Siku sita baadaye, Agosti 29, Umoja wa Katiba ya Wananchi (UKAWA), uliowaunganisha CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, ukasimamisha hapo hapo jukwaa la Edward Lowassa. Majukwaa yote mawili yaliahidi elimu bila ada.

Ili kupima madai ya pande hizo, inafaa kurudi nyuma kuliko wanasiasa wenyewe wanavyopenda kurudi.

Ilifutwa, ikarudishwa, ikafutwa

Ada ya shule za msingi Tanzania Bara haikufutwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, wala mwaka 2001. Ilifutwa mwaka 1973, wakati nchi ikiwa chini ya chama kimoja na Rais akiwa Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, TANU ilipitisha Azimio la Musoma lililotaka kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule aandikishwe, na mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote, maarufu kwa kifupi chake cha UPE, ukaanza kwa kishindo. Zanzibar ilikuwa imetangulia. Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo Septemba 23, 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, na siku hiyo huadhimishwa Visiwani hadi leo.

Wakati huo hakukuwa na chama cha upinzani cha kudai sifa. Hakukuwapo pia chama cha upinzani cha kupiga kelele katikati ya miaka ya 1980, pale uchumi ulipoporomoka, vita ya Uganda ilipokuwa imeacha deni, na Serikali ikarudisha michango ya wazazi kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 1993 utaratibu wa kuchangia ukaingia na hospitalini. Kwa hiyo mtu akisema kuwa CCM ndiyo iliyofuta ada anasema kweli, na akisema kuwa CCM ndiyo iliyoirudisha anasema kweli pia. Katika mijadala ya vijiweni, sehemu ya pili ya ukweli huo husahaulika upesi, hata na wapinzani wenyewe, kwa kuwa viongozi wao kadhaa wa miaka ya mwanzo walitoka katika Serikali hiyo hiyo.

Matokeo ya kuchangia yalionekana kwenye madaftari ya mahudhurio. Kufikia mwaka 2000, uandikishaji halisi wa watoto wa umri wa shule ya msingi ulikuwa takriban asilimia 59. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa nje ya darasa. Ada yenyewe ilikuwa Sh2,000 kwa mwaka, fedha ambayo leo haimtoshi mtu nauli ya kwenda na kurudi Mbagala na kupata kikombe cha chai, lakini juu yake kulikuwa na michango ya majengo, madawati, mitihani na ulinzi. Mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alirudishwa nyumbani.

Mwaka 2001: mikono ilikuwa mingi

Serikali ya Awamu ya Tatu ya Rais Benjamin Mkapa ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na Januari 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza, Waziri wa Elimu akiwa Joseph Mungai. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005, na uandikishaji halisi ukafikia takriban asilimia 95. Hakuna hatua nyingine ya elimu tangu UPE iliyobadili maisha ya watoto wengi kwa muda mfupi kiasi hicho.

Hata hivyo, ni hatua ambayo vyama havigombani sana juu yake, pengine kwa sababu sifa yake ina wadai wengi wasiogombea ubunge. Mwaka 1999 mashirika ya kiraia ya elimu yaliunda mtandao wa TEN/MET, na mwaka 2000 shirika la Maarifa ni Ufunguo lilichapisha utafiti wake mkoani Kilimanjaro ulioonyesha jinsi michango ilivyowaondoa watoto shuleni. Oktoba mwaka huo huo, baada ya shinikizo la makundi ya kampeni ya kufutiwa madeni nchi maskini, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoitaka Serikali ya nchi hiyo kupinga mikopo ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yenye masharti ya kutoza ada katika elimu ya msingi. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kupunguziwa madeni, na Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa dola milioni 150 kwa ajili ya MMEM.

Ni vigumu kutokuona kinaya hapa. Taasisi zilizoishauri nchi kuwachangisha wazazi katika miaka ya 1980 ndizo zilizokopesha fedha za kuacha kuwachangisha. Mkapa anastahili sifa ya kusaini na kusimamia, lakini wazo halikutoka Lumumba peke yake, na halikutoka kabisa kwa wapinzani, ambao baada ya uchaguzi wa mwaka 2000 walikuwa wachache bungeni na wamezongwa na mgogoro wa Zanzibar.

Miaka miwili baadaye, katika bajeti ya mwaka 2003/04, Serikali hiyo hiyo ilifuta kodi ya maendeleo, ambayo wananchi wengi waliiita kodi ya kichwa na ambayo iliwafanya vijana wa mijini na vijijini kukimbizana na mgambo. Hilo nalo lina historia ya kufutwa na kurudishwa, lakini ni hadithi ya siku nyingine.

Shule za kata na mtu aliyehama

Kufutwa kwa ada ya msingi kulizaa tatizo jipya. Watoto wa mwaka 2002 wangemaliza darasa la saba mwaka 2008, na shule za sekondari za kuwapokea hazikuwapo. Hapo ndipo linapoingia jina la Edward Lowassa. Akiwa Waziri Mkuu wa Rais Jakaya Kikwete kuanzia Desemba 2005 hadi Februari 2008, alisimamia kwa ukali ujenzi wa sekondari katika kila kata. Wananchi walichanga fedha na nguvu, kuta zikapanda, wakuu wa mikoa na wilaya wakapewa tarehe za mwisho. Idadi ya shule za sekondari ilitoka 1,745 mwaka 2005 hadi 4,266 mwaka 2010, na wanafunzi kutoka zaidi kidogo ya nusu milioni hadi zaidi ya milioni 1.6. Ada ya sekondari za kutwa ilikuwa imeshapunguzwa kutoka Sh40,000 hadi Sh20,000.

Wapinzani wa wakati huo hawakuzisifu shule hizo. Walisema, na si bila sababu, kuwa zilikuwa majengo bila walimu, bila maabara na bila vitabu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa hoja nzito: takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na baadaye matokeo yakapangwa upya.

Kisha ikaja Julai 2015. Lowassa, baada ya jina lake kukatwa katika mchujo wa CCM, alihamia CHADEMA na kuwa mgombea urais wa UKAWA. Ghafla shule za kata zikapata watetezi wapya na wakosoaji wapya. Waliokuwa wakiziponda walianza kuzitaja kama ushahidi wa uwezo wa mgombea wao, na baadhi ya waliokuwa wakizisifu walikumbushia kuwa zilijengwa na Serikali, si na mtu mmoja. Wakati huo huo Dk. Willibrod Slaa, aliyebeba ahadi ya elimu bure mwaka 2010, alijiondoa CHADEMA kwa kupinga ujio wa Lowassa, na baadaye Rais Magufuli alimteua kuwa balozi nchini Sweden. Lowassa naye alirudi CCM Machi 2019, akafariki dunia Februari 10, 2024 akiwa mwanachama wa chama alichoanzia.

Anayetaka kugawa sifa kwa rangi za bendera ana kazi hapo.

Ahadi ya 2010 na saini ya 2015

Dai la CHADEMA linasimama juu ya uchaguzi wa mwaka 2010. Dk. Slaa aliahidi kuwa akichaguliwa, elimu itatolewa bure kuanzia ya msingi hadi ya sekondari, akisema fedha zipo ila zinapotea katika misamaha ya kodi, posho na ufisadi. Hiki kilikuwa chama kilichoasisiwa mwaka 1992 chini ya Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, kikiwa na mwelekeo wa uchumi huria kuliko wa ujamaa, na ahadi hiyo ilikuwa ishara ya jinsi kilivyokuwa kimebadilika. Upande wa CCM ulihoji uwezekano wake. Dk. Slaa alishindwa, lakini alipata zaidi ya robo ya kura, na CHADEMA kikawa chama kikuu cha upinzani bungeni. Jijini Dar es Salaam kilichukua majimbo ya Ubungo na Kawe.

Hapo hoja ya wapinzani ina nguvu. Kabla ya mwaka 2010, elimu ya sekondari bila ada haikuwa ajenda kuu ya kampeni. Baada ya hapo hakuna mgombea urais mwenye matumaini aliyethubutu kuiacha. Chama kisichotawala hakiwezi kusaini waraka, ila kinaweza kumfanya anayetawala aone kuwa kutosaini kuna gharama.

Hoja ya CCM nayo ina mashiko yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyotamka kuwa elimumsingi katika shule za umma itolewe bila ada, ilizinduliwa na Rais Kikwete Februari 13, 2015 katika Shule ya Sekondari Majani ya Chai, Dar es Salaam, miezi mitano kabla Lowassa hajahama. Sera ya aina hiyo haiandikwi kwa wiki mbili. Na baada ya Dk. Magufuli kuapishwa Novemba 5, 2015, haikuchukua mwezi: Waraka wa Elimu Namba 5 wa Novemba mwaka huo ulifuta ada hadi kidato cha nne, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Nchi nyingi zina ahadi za kampeni ambazo hazikuwahi kufika hata kwenye rasimu.

Kilichofutwa na kilichobaki

Kuanzia Januari 2016 Serikali ilianza kutuma Sh18.77 bilioni kila mwezi kwa ajili ya mpango huo, kiasi kilichoongezeka miaka iliyofuata. Ndani yake mlikuwamo ruzuku ya uendeshaji ya Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, fidia ya ada ya sekondari ya Sh20,000 kwa kutwa na Sh70,000 kwa bweni, na chakula cha wanafunzi wa bweni. Walimu wakuu wa shule za msingi walipewa posho ya madaraka ya Sh200,000 kwa mwezi, na wakuu wa shule za sekondari Sh250,000. Mwaka huo, walioandikishwa darasa la kwanza walizidi milioni 2, kutoka takriban milioni 1.5 mwaka uliotangulia.

Ile Sh10,000 inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa na vyama. Chini ya MMEM mwaka 2002, ruzuku ilipangwa kuwa dola 10 kwa kila mwanafunzi, ambazo wakati huo zilikaribia Sh10,000. Mwaka 2016 kiwango cha shilingi kilikuwa kile kile, lakini thamani yake ilikuwa imeshuka hadi takriban dola nne na nusu. Tena sehemu yake, Sh4,000, ilibaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu, hivyo shule ilipokea Sh6,000 za chaki, karatasi, matengenezo na mitihani ya mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Chama kinachodai sifa ya mpango huu kinadai pia sifa ya hesabu hiyo, na ni nadra kuisikia jukwaani.

Mei 2016 Waraka Namba 3 uliweka wazi kuwa sare, madaftari, kalamu, nauli na chakula cha wanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi. Ndiyo maana biashara ya Januari Kariakoo haikupungua. Kwa shule za katikati ya jiji, nauli si jambo dogo: nyumba nyingi za Kariakoo na Gerezani zimegeuka maduka na maghala, familia zimehamia Chanika, Gongo la Mboto na Mbagala, na watoto wengi wanaosoma katika shule za Ilala ya kati hupanda magari mawili kufika. Michango ya shuleni nayo iliendelea kuibuka kwa majina mapya hadi Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku na kuwaagiza mawaziri wa Elimu na TAMISEMI kuisimamisha. Walimu wakuu wakabaki na ruzuku ndogo na marufuku kubwa.

Kuna jambo jingine la Dar es Salaam ambalo hulitia ukungu dai la kila upande. Januari 2016, mwezi ule ule fedha zilipoanza kutoka Hazina, madiwani wa UKAWA walishinda umeya wa manispaa za Ilala na Kinondoni, na Machi mwaka huo Isaya Mwita wa CHADEMA akawa Meya wa Jiji. Fedha zilikwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule, hivyo CCM ilisema ni za Serikali yake. Lakini vyumba vya madarasa, vyoo na madawati ya watoto walioongezeka vilikuwa juu ya halmashauri zilizoongozwa na wapinzani, ambao nao walijitangazia madarasa waliyojenga. Mzazi wa Mchikichini au Gerezani alikuwa na mtoto mmoja katika darasa moja, lenye wadai wawili.

Majirani nao

Tanzania haiko peke yake. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni aliahidi katika uchaguzi wa mwaka 1996 kusomesha bure watoto wanne kwa kila familia, akaanza mwaka 1997, na sifa ikabaki kwake kwa kuwa hakukuwa na chama kilichoruhusiwa kushindana naye. Nchini Kenya, Rais Mwai Kibaki alifuta karo ya msingi Januari 2003, wiki chache baada ya muungano wa NARC kuiondoa KANU madarakani, na wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Muungano huo ulipovunjika, kila kipande kiliondoka na dai lake, na wazee wa KANU walikumbusha kuwa Serikali yao iliwahi kufuta karo katika miaka ya 1970.

Tofauti ya Tanzania ni kwamba chama kimoja kimekuwa madarakani muda wote, hivyo mpinzani anaweza kudai wazo tu, na anayetawala anaweza kudai kila kitu.

Awamu ya Sita iliendeleza zoezi. Katika bajeti ya mwaka 2022/23, iliyosomwa Juni 2022 na Waziri wa Fedha Dk. Mwigulu Nchemba, ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa. Kwa hatua hiyo, ahadi ya Dk. Slaa ya mwaka 2010, kutoka msingi hadi mwisho wa sekondari, ilitimia karibu yote, miaka 12 baadaye, kwa saini za watu aliowania kuwaondoa. Februari 1, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma toleo jipya la Sera ya Elimu, linaloweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari.

Katika Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025 CHADEMA hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, na ubishi wa nani alianza haukupata jukwaa Jangwani kama mwaka 2015. Miezi miwili baadaye shule zilikaribia kufunguliwa, na Mtaa wa Kongo ukajaa tena wazazi wanaotafuta sare.